Ukimya wa Mwatum

Nyumba aliyokaa Mwatum binti Silima, ghorofa ya pili pale Madungu, mjini Chake Chake, ilikuwa nyumba moja kabla haijawa mbili. Mwenye nyumba alikufa, na ndugu wawili waliomrithi hawakuweza kuelewana hata juu ya rangi ya mlango. Basi wakamwita fundi akapiga ubao wa plaiwudi katikati ya ukumbi, kutoka sakafuni hadi darini, akaupaka chokaa, na kila mmoja akapangisha nusu yake. Kwa macho ulikuwa ukuta. Kwa masikio haukuwa kitu. Mtu akikoroga chai upande huu, wa upande wa pili alijua katia sukari vijiko vingapi.

Mwatum alikuwa mwalimu wa Kiswahili skuli ya sekondari. Umri wake miaka arubaini na moja, ameachwa miaka kumi na mbili nyuma, na hakuwa na haja ya mtu. Ndivyo alivyokuwa akisema, na watu wakimwamini kwa kuwa alisema kwa sauti ya mwalimu. Darasani alikuwa na maneno ya kugawa. Likija jambo lake mwenyewe, koo lilimfunga, akatazama chini, na watu wakamalizia wenyewe walivyopenda.

Upande wa pili wa ubao alihamia Haidar bin Marhoun, mtu wa Wawi, mgane wa miaka mitano, msomeshaji wa fasihi katika chuo kimoja cha hapo mjini. Babu yake alikuwa na mikarafuu bonde zima. Mjukuu aliachiwa mafua. Msimu ukifika, karafuu zikianikwa kwenye majamvi kila penye uwazi, Haidar alipiga chafya tangu alfajiri mpaka isha. Ukoo ulioishi kwa karafuu vizazi vitatu ukazaa mtu asiyeweza kuzinusa, na mwenyewe alilieleza jambo hilo bila haya, kama mtu anayekutajia kabila lake.

Walijuana kwa chafya. Jioni ya kwanza alipohamia, Mwatum yuko mezani anasahihisha madaftari, akasikia chafya upande wa pili, kisha sauti ya mwanamume: "Alhamdulillahi." Ulimi wa Mwatum ukajibu wenyewe, kama ulivyofunzwa tangu utotoni: "Yarhamukallahu." Alipotanabahi kwamba amemjibu mwanamume asiyemjua, usiku unaingia, kupitia ukutani, akaziba mdomo kwa mkono. Upande wa pili ile sauti ikarudisha dua inayopasa, Mungu akuongoe na akutengenezee mambo yako, taratibu, kila neno mahali pake. Kalamu nyekundu ikabaki mkononi mwa Mwatum muda mrefu kuliko lilivyostahili daftari lile.

Baada ya hapo ikawa ada. Haidar huchafya, Mwatum humjibu. Msimu huo wa karafuu ulikuwa mzuri, na sina haja ya kueleza walijibizana mara ngapi kwa siku.

Halafu zikaja riwaya. Haidar alikuwa na tabia ya kuisoma mihadhara yake kwa sauti kabla hajaipeleka darasani, akitembea ukumbini na kandambili zake. Alisomesha riwaya za watu wa miji mikubwa ya mbali, zilizoandikwa karne iliyopita, ambamo mume na mke wanakaa meza moja, mdomoni hamna zaidi ya niletee chumvi, na ndani ya kichwa cha kila mmoja maneno yanakwenda kurasa kumi bila nukta. Watu wanaishi bega kwa bega katika majumba ya ghorofa, wanajua kikohozi cha jirani lakini hawajui jina lake. Alizipenda riwaya hizo mapenzi ya kweli. Jioni moja alikuwa akitafuta neno la Kiswahili la ule ukaribu wa watu wa mjini, wa kumjua mtu kwa vishindo vyake tu. Alisema ukuruba, akaliacha. Akasema mahusiano, akaguna. Akasema maingiliano, na hapo Mwatum hakuvumilia tena.

"Ujirani, Mwalimu," alisema kwenye ubao.

Kandambili zikasimama. Kisha kikaja kicheko, cha mtu aliyekuwa akitafuta miwani naye kaivaa.

Tangu siku hiyo walizungumza, kila mtu kwenye kiti chake, ubao katikati, milango ya mbele wazi kwa ajili ya watu. Watu wenyewe alikuwa Bi Asya wa ghorofa ya juu, aliyependa kukaa ngazini na ungo wake. Haidar alishikilia kwamba maneno ni maganda. Kilicho ndani ya mtu, alisema, hakisemeki; waandishi wake walilijua hilo, ndiyo maana mahali pazuri kabisa katika vitabu vyao ni pale wapendanao wanaponyamaza na kila mmoja akamfahamu mwenzake. Mwatum hakukubaliana naye. Alimwambia huko kwao labda, ila kwetu neno ni kazi. Ukisema hodi hujaueleza mlango, umebisha. Mtu hutamka shahada akawa Muislamu, walii wa bibi harusi hutamka kaoza, mume hutamka kaacha. Ganda gani hilo linalobeba nyumba za watu?

Haidar akaandika. Mwatum aliisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, akafurahi furaha ambayo hakuitaja kwa mtu.

Jambo ambalo hakumwambia ni alikolitoa wazo lile. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kwao Vitongoji, walikuja watu kumposa. Siku ya kuulizwa aliketishwa nyuma ya pazia, shangazi yake Bi Rahma ubavuni, na wanaume upande wa pili. Shehe akamuuliza kama ameridhia. Mwatum alitazama mkeka. Chini ya godoro lake mlikuwa na fomu ya chuo cha ualimu, keshaijaza, imebaki saini ya mzee. Akaulizwa tena, na tena, na koo likamfunga. Ndipo akaisikia sauti ya babake: "Kanyamaza, Shehe. Karidhia." Kwa mwanamwali sheria ndiyo hiyo, kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake, na wanaume wakasoma Fatiha.

Mume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la nguo Mkoani, aliswali, alikula, alilala. Chuo chenyewe alimruhusu mwaka wa nne, kwa wema, kama mtu anayempa mkewe ruhusa ya kwenda harusini. Mwaka wa kumi akampigia simu kutoka Dar es Salaam, akamtamkia talaka kwa adabu zote na kumtakia kheri. Mwatum aliingia kwenye ndoa ile kwa ukimya wake na akatoka kwa neno la mwenziwe. Kote kuwili hapakuwa na neno hata moja lililokuwa lake. Hilo ndilo lililomuuma miaka yote, kuliko talaka.

Sasa twende kwenye kosa la Haidar, ambalo angelifanya mtu wa kisiwa hiki tu, tena aliyesoma.

Ilikuwa Alkhamisi saa kumi za jioni. Mwatum anapanda ngazi na mfuko wa samaki changu unamchuruzika maji, Haidar anashuka. Wakakutana kwenye kona ya ngazi, uso kwa uso, bila ubao, na wote wawili wakaona haya za kitoto. Haidar akasema, kwa sauti iliyokauka, "Mwalimu Mwatum, nataka nipeleke watu kwenu Vitongoji. Wasemaje?"

Mwatum alimpenda mtu yule. Tuliseme hili wazi, kwa kuwa yeye hakulisema. Alipenda chafya zake, kandambili zake, na namna alivyoandika alilopingwa. Jibu alikuwa nalo. Lakini koo likafunga, macho yakashuka kwenye mfuko wa samaki, na kabla hajalipata neno miguu yake ilikwisha kumpandisha na kumwingiza ndani.

Haidar akabaki ngazini anaona nuru. Kwake yeye lile ndilo lile hasa, la kwenye vitabu, wapendanao wamenyamaza na kila mmoja kamfahamu mwenzake. Isitoshe alikuwa mtoto wa Wawi, aliyelelewa akijua mwanamke akiulizwa akatazama chini maana yake ni nini. Vitabu vya mbali na malezi ya nyumbani vilikubaliana kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na vyote viwili vikampoteza. Jumapili wazee wawili wa kwao walikuwa wameketi Vitongoji, kwenye baraza ya Mzee Silima, babake Mwatum.

Mzee alimpigia Mwatum simu jioni ile ile. Watu wa Wawi wamekuja, alisema, watu wa heshima, mchumba mwenyewe msomi na mpole. "N'shawapa neno, mwanangu. Ijumaa naja na Shehe."

Neno la nani, Mwatum alitaka kuuliza. Akanyamaza. Mzee akasema basi, Mungu akubariki, na simu ikakatika.

Mwatum alikaa kitandani mikono mapajani, kajaa hasira. Mara mbili katika umri wake watu walimtaka, na mara mbili walikwenda kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Lililomtia uchungu zaidi ni kwamba safari hii jibu lilikuwa ndiyo. Walikuwa wamemchukulia ndiyo yake kabla hajaitoa, naye alikuwa ameitunza.

Jumatatu asubuhi Haidar akapiga chafya. "Alhamdulillahi," akasema, akangoja. Ubao ukanyamaza. Akachafya tena, adhuhuri, alasiri, magharibi. Siku hizo majamvi yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Hakurudishiwa kitu. Jumanne alihimidi kwa sauti kubwa zaidi, akidhani labda hakusikika. Mwatum yuko upande wa pili, kauma meno, dua yote iko ulimini. Nusura imtoke mara mbili.

Kufikia Jumatano Haidar alifahamu kwamba ukimya huu haukuwa wa kwenye riwaya.

Akatoka, akaja mlangoni pa Mwatum, akapiga hodi. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Desturi ni tatu, halafu mtu anarudi alikotoka, na Mwatum, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mlango tangu ile ya kwanza, akafungua kwenye ya tatu. Kule juu ngazini Bi Asya alikuwa akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Haidar alisema anajua kakosa, hajui kakosa nini.

"Weye uliniuliza nini pale ngazini?" Mwatum aliuliza.

"Kama nipeleke watu."

"Nami nikakujibu nini?"

Haidar akafikiri. "Hukunijibu."

"Basi wazee wako wamekwenda Vitongoji na jibu la nani?"

Ungo wa Bi Asya ukaacha kupepeta. Haidar alitazama kandambili zake, akasema polepole kwamba alidhani ameridhia. "Ulinyamaza vizuri," akasema.

Ilibidi Mwatum ageuke upande, maana kicheko kilimjia naye hakuwa tayari kukitoa. Alipojigeuza tena alimsimulia lile pazia, mkeka, fomu chini ya godoro, sauti ya babake. Alisimulia kwa ufupi na hakulia. Alimwambia kwamba ukimya haumfahamishi mtu chochote ila alichokuja nacho mwenyewe. Aliyetaka ndiyo husikia ndiyo. Yeye Haidar, na vitabu vyake vyote, kasikia kama alivyosikia Mzee Silima asiyejua kusoma.

Haidar hakujitetea. Akamtazama Mwatum.

"Mwatum, wanitaka?" akauliza. "Ukisema hunitaki, kesho naenda Vitongoji mwenyewe, namwambia baba yako kosa n'langu, na hapana mtu atakayekugusa kwa neno."

Hivyo ndivyo alivyotaka kuulizwa tangu ana miaka kumi na tisa, na mlango wa kukataa uwe wazi hivyo hivyo. Moyo ukamjaa mpaka akashika fremu ya mlango. Lakini akaona kwamba neno lile, akilitoa, atalitoa mara moja tu, na lina mahali pake.

"Jibu langu n'talitoa Ijumaa," alisema. "Nataka alisikie yule aliyelikosa mwanzo. Weye utalisikia. Ubao si upo?"

Akafunga mlango kwa upole. Haikuwa ukatili, ingawa Haidar usingizi ulimpaa siku mbili na Bi Asya alimwonea huruma mpaka akamshushia bakuli la uji.

Ijumaa, watu walipokwisha kuswali, wakaja: Mzee Silima na kanzu yake ya Idi, Shehe Hamzah, na mashahidi wawili kutoka Vitongoji. Mpango ulikuwa waulize hapa, kisha waende msikitini wakafungishe, na bwana harusi awe anawangoja huko. Bwana harusi hakuwa msikitini. Mwatum alijua, kwa kuwa tangu Haidar aliporudi kuswali kandambili hazikusikika tena, na kiti cha upande wa pili kilikuwa kimelia mara moja, karibu kabisa na ubao, kisha kikatulia.

Wanaume waliketi kwenye mkeka. Mwatum akakaa kwenye mlango wa chumba, buibui lake jeusi, uso wazi. Bi Rahma, mzee sasa, alikuja kumkaa ubavuni kama mwanzo, na akataka kumshushia pazia. Mwatum akamwambia ahsante shangazi, liache.

Shehe Hamzah akasafisha koo. "Mwatum binti Silima, baba yako ataka kukuoza kwa Haidar bin Marhoun, kwa mahari yaliyotajwa. Umeridhia?"

Na koo likafunga.

Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo siku mbili, jikoni, njiani, mbele ya kioo. Sasa liko kifuani, halipandi. Aliutazama mkeka, akaona ukili mwekundu na wa kijani, na hapo akawa yuko Vitongoji, ana miaka kumi na tisa. Shehe akauliza tena. Mkono wa Bi Rahma ukamgusa kiunoni. Upande wa pili wa ubao hapakuwa na pumzi.

"Kanyamaza, Shehe," Mzee Silima akasema, anatabasamu. "Karidhia."

"Huyu si mwanamwali, Mzee wangu," Shehe akasema kwa upole. "Keshaolewa. Wake si wa kunyamaza. Lazima aseme."

Mzee akaitika kweli, kweli, akaishika kofia yake. Lakini ile sauti yake, ya maneno yale yale, ilikuwa imekwisha kufanya kazi. Mwatum alihisi kitu kimemkatika kooni kama uzi.

"Sikunyamaza kwa kuridhia, Baba," alisema. "Nilikuwa nalitafuta." Akainua macho, akawatazama mmoja mmoja, akapaza sauti kama anayetaka kusikiwa na dawati la nyuma. "Nimeridhia. Nimeulizwa, nikafikiri, nikaridhia kuolewa na Haidar bin Marhoun. Mie mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Alhamdulillahi," ukuta ukasema, kwa sauti iliyovunjika katikati.

Shehe Hamzah akaugeukia ubao. Akautazama kutoka darini hadi sakafuni. Akauliza kama huyo naye ni shahidi, au ni yule waliyeambiwa yuko msikitini. Mashahidi wakacheka mpaka mmoja akafuta macho kwa kilemba, na Bi Rahma, aliyepania kulia, akacheka pamoja nao. Walisikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa na mtu akishuka ngazi mbio, na Bi Asya kule juu akimhimiza avae viatu.

Wakasoma Fatiha, wakatoka. Mwatum alibaki ukumbini na Bi Rahma akaenda jikoni kutazama birika. Mwili wote ulikuwa mwepesi, na alitaka kucheka na kulala na kula, vyote kwa pamoja.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa babake, amerudi peke yake. Wenziwe aliwaambia wamngoje chini. Alivua viatu, akaingia, wala hakuketi. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono ya jembe, na sasa mikono hiyo ilikuwa ikiizungusha kofia.

"Mara ile ya kwanza, mwanangu," akasema. "Kama ungesema, ungesema nini?"

Miaka ishirini na miwili Mwatum alilingoja swali hilo, mpaka akasahau kwamba analingoja.

"Ningesema sitaki, Baba."

Mzee Silima akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa karibu na pazia. Nilikusikia unavyopumua. Nilijua hutaki, nami nikasema umeridhia, kwa kuwa ndilo nililolitaka mie." Akaacha kuizungusha kofia. "Nakuomba unisamehe."

Mwatum akafungua mdomo, na koo likafunga. Aliitazama miguu ya babake juu ya mkeka, kucha zake, nyufa za visigino vyake. Kule chini mtu aliita kwamba muda unakwenda, watu wanangoja msikitini, na honi ya gari ikapigwa. Mzee aliisikia. Alimtazama binti yake aliyenyamaza, na hakusema chochote kwa niaba yake. Alikaa kitako pale pale mkekani, akaiweka kofia gotini, akangoja.

Alingoja mpaka honi ikapigwa tena. Kisha Mwatum naye akakaa kitako mbele yake, akalipata neno aliloombwa, akampa.